Pesa imetoka lini, inarudi lini: niliyoongea na wanachuo wapya wa Misingi ya Biashara, Mtwara

Haya ndo niliyoongea na wanachuo wapya wa astashahada hapa Mtwara mjini, walikuwepo na wazazi walioleta watoto. Wengi wameomba niyaandike kwahiyo nimeyaandika kama yalivyotoka mdomoni, nimepunguza tu vicheko na pale maiki ilipozima.

Wazazi wangu shikamooni, wanachuo hamjamboni. Nimepewa nusu saa niwaeleze hili somo la Misingi ya Biashara ni la nini na mzazi aliyelipa ada kalipia kitu gani, maana najua kuna wazee humu ndani wanajiuliza kimoyomoyo, biashara nayo ya kusomea darasani jamani? Mbona fulani pale soko kuu hata la saba hakumaliza na ana fuso mbili? Swali zuri, silikimbii, nitalijibu humohumo.

Kwanza niyamalize haraka ya kwenye mtaala msije mkasema madam hakugusa. Mtasoma aina za biashara, ya mtu mmoja, ya ubia, kampuni, ushirika. Mtasoma jina la biashara linasajiliwa BRELA, wale wakala wa usajili wa biashara, TIN, yaani namba ya mlipa kodi, inatolewa na TRA na ni bure, ukiambiwa toa chochote jua umeshikwa na kishoka, leseni mtajua inatoka wapi. Mtasoma masoko, usimamizi wa watu, utangulizi wa uhasibu. Hayo yote yana vitini, mtasoma na mtafaulu inshallah. Mi leo nataka kitu kimoja tu, kinachoua biashara huku kwetu kusini kuliko uchawi na kuliko kukosa mtaji, nacho ni muda. Yaani pesa yako imetoka lini na inarudi lini.

Faida na kash ni vitu viwili tofauti, iandikeni hiyo.

Tuchukue duka la rejareja, tuseme liko Kitangari au Nanyamba, mwenye duka kaja Mtwara mjini mwezi wa sita kachukua mzigo wa milioni mbili, sukari, mchele, sabuni, mafuta, vocha. Kauza mzigo wote, mauzo milioni mbili na laki nne. Faida ya mauzo laki nne, toa kodi ya fremu laki moja, imebaki laki tatu, kwenye karatasi huyu mtu anafanya vizuri kabisa. Sasa fungua daftari lake la madeni. Katika ile milioni mbili na laki nne, milioni moja na nusu imeandikwa mama fulani kilo tano za mchele, mzee fulani sukari na mafuta, pembeni yake kaandika "korosho". Maana yake atalipa korosho zikiuzwa, mwezi wa kumi, wa kumi na moja, na mvua zikigoma sijui lini. Kwahiyo mkononi ana laki tisa. Fremu laki moja hiyo inatoka, nyumbani kula na mtoto ada laki mbili na nusu, zimebaki laki tano na nusu. Huyu alianza na mzigo wa milioni mbili, sasa anarudi mjini na laki tano na nusu, anakuta tajiri wake wa jumla naye hakopeshi. Mwezi wa nane ukipita pale dukani utaona rafu zimebaki na viberiti na chumvi, majirani watasema kalogwa au wamemwekea chuma ulete. Hakuna aliyemloga, faida yake ipo, imekaa kwenye nyumba za watu inasubiri korosho.

Na mkopeshaji huyu simcheki hata kidogo, maana asipokopesha mwezi wa saba hauzi kabisa, kijiji kizima hakina kash. Kwahiyo habari ya kumwambia asikopeshe ni ushauri wa mtu ambaye hajawahi kukaa Tandahimba mwezi wa saba. Tutakachojifunza ni akopeshe kiasi gani, nani, mpaka kiwango gani cha mtaji, na ile bei ya mkopo aiweke wapi. Mi binafsi naona mwenye duka wa kijijini akivuka theluthi moja ya mzigo kwenye madeni ya msimu ajue duka si lake tena, ila hilo tutabishana darasani, mkija na hesabu nzuri kuliko yangu nitawapa maksi.

Sasa wale wenye mawakala wa pesa za kwenye simu, najua mpo, kuna vijana humu mnajisomesha kwa hiyo kazi. Wakala ana milioni mbili, moja kash moja floti, yaani hela iliyomo kwenye simu. Siku malipo ya korosho yameingia kila mtu anataka kutoa, saa nne asubuhi kash imeisha, floti imejaa milioni mbili na zaidi na kamisheni juu, mteja wa kumi na tano anakuja anaambiwa hamna hela, anavuka barabara anaenda kwa mwingine. Mtaji upo wote, haujapungua hata senti, lakini umekaa upande usiotakiwa kwa saa ile. Mwezi wa pili inageuka, watu wanataka kutuma kwa watoto walioko shule, kash imejaa floti hamna. Wakala mzuri ni yule anayejua kalenda ya malipo ya AMCOS, chama cha msingi cha wakulima, ya eneo lake akajipanga siku mbili kabla, tena na mtu wa benki keshaongea naye.

Nakuja kwenye jambo lenyewe, kangomba, yaani kumpa mkulima pesa kabla ya msimu akulipe kwa korosho kwa bei ya kutupa. Najua kuna wazazi hapa watainamisha vichwa, msiiname, nafundisha hesabu tu. Mkulima mwezi wa sita anataka pesa, shamba linataka palizi, hata salfa, dawa ya mikorosho, ikija ya ruzuku bado bomba la kukodi, petroli na vijana wa kupulizia wanataka chao, na ubwiriunga, ule ugonjwa wa mkorosho, hausubiri mtu. Anakuja jamaa anamwambia chukua laki moja, mwezi wa kumi na moja utanipa kilo mia. Elfu moja kwa kilo. Sheria inakataza, wote tunajua, na bado watu wanafanya. Msimu ukifika tuseme mnadani bei ni 3,000, toa makato imebaki 2,700 mkononi, kilo mia zingempa laki mbili na elfu sabini. Kwahiyo kachukua laki moja, karudisha laki mbili na sabini. Riba yake laki moja na sabini kwa miezi mitano. Asilimia 170! Chukua mkopo wa benki wa asilimia 18 kwa mwaka, laki moja hiyohiyo kwa miezi mitano riba yake ni 7,500. Elfu saba na mia tano kwa laki na sabini, haya pigeni na kalkuleta zenu.

Lakini msikimbilie kumuita mkulima mjinga, hapo ndo wasomi wengi wanaharibu. Benki ilikuwa Masasi, fomu kurasa sita, inataka dhamana, na jibu linakuja mwezi wa nane wakati ua la mkorosho limeshaungua na ubwiri. Jamaa wa kangomba kaja na laki taslimu jioni ileile mpaka barazani. Ile laki na sabini mkulima hakuilipia pesa tu, kalipia na haraka. Ukitaka kumpiga mtu wa kangomba njoo na pesa mwezi wa sita kwa riba nafuu, sheria peke yake haijamuondoa. Na humo kuna biashara halali kabisa mtu anaweza kuifikiria, VICOBA vya wakulima, vile vikundi vya kuweka na kukopa, vinavyovunja mwezi wa tano badala ya Desemba kwa mfano. Vikundi vingi vinavunja Desemba kwa mazoea tu, wakati huo korosho zimelipwa kila mtu ana hela, mnagawana pesa siku ambayo hakuna mwenye shida nayo. Kwanini?

Stakabadhi ghalani, yaani mfumo wa kuuza mazao kupitia ghala na mnada, mtaisoma kwa kirefu, nitaigusa kidogo. Sheria yake ni ya mwaka 2005, kwenye korosho ilianza msimu wa 2007/08 huku huku Mtwara. Mkulima anapeleka AMCOS, inapimwa, inaenda ghala kuu, chama kikuu, kwetu huku ni TANECU au MAMCU, wa Lindi wana Lindi Mwambao na RUNALI, wanapeleka mnadani, wanunuzi wanashindana. Mnachotakiwa kujifunza pale ni tofauti ya bei ya mnada na pesa inayofika. Redio ikisema mnada leo umefunga kwa 3,000, hiyo siyo yako. Kuna ushuru wa halmashauri asilimia 3, kuna cha chama kikuu, cha AMCOS, ghala, usafiri. Kila mwaka kuna ugomvi kwenye vikao vya AMCOS kwa sababu mtu kapiga bajeti ya bati na ya kipaimara au jando la mtoto kwa bei ya redioni.

Na bei nzuri nayo bila muda haitoshi. Msimu wa 2017/18 bei ilipanda mpaka ikagusa 4,000, mji huu ulikuwa unacheka. Mwaka uliofuata wanunuzi wakaja na bei za chini, wakulima wakagoma, Novemba 2018 serikali ikasema inanunua yenyewe kwa 3,300 na malori ya jeshi yakaja kusomba. Kwa bei, 3,300 ilikuwa juu ya walizokuwa wanataka wanunuzi, hilo halina ubishi. Ila kulikuwa na uhakiki wa wakulima na malipo yakaingia mwaka 2019 kidogokidogo, wengine wakingoja. Waliokuwa na maduka, gereji, saluni, wauza bati, hao hawana hata mti mmoja wa mkorosho lakini walikaa bila wateja Januari, Februari, Machi. Ndo nikasema huku kusini hata fundi cherehani ni mkulima wa korosho, hajui tu.

Tuje kwenye kubangua. Akina mama wanaouza korosho za pakiti stendi mnawajua. Tuseme mama kanunua gunia la kilo 80 kwa 3,000, hiyo ni 240,000. Akibangua kwa mkono akatoka na kilo 18 za kuuzika kajitahidi, kuna zinazovunjika, kuna mbovu. Kuni, vifungashio, nauli, wasichana wawili wa kumsaidia kubangua na kumenya, weka 60,000. Jumla laki tatu kamili. Gawa kwa 18, kila kilo imemgharimu 16,700 hivi. Akiuza 20,000 anapata 360,000, kabakiwa na elfu sitini. Sasa jirani yake anauza 16,000, na yeye anashusha 16,000 ili asikose wateja, mwisho kashika 288,000. Kapoteza elfu kumi na mbili na kazi yake mwenyewe ya siku zote hizo bure, lakini kwakuwa mkononi ana laki mbili na themanini na nane anajiona kauza. Jirani naye hakuwahi kupiga hesabu, alisikia tu mwingine kauza 16,000. Hivo soko zima linauza kwa hasara ya mtu mmoja asiyejulikana alianza nani. Nawaambia ukweli, hii moduli ingekuwa na kipindi kimoja tu ningefundisha hiki, kutafuta kilo moja imekugharimu shilingi ngapi kabla hujataja bei.

Mzee mmoja pale mbele kaniuliza kabla hatujaanza, mbona viwanda vya kubangua vilijengwa miaka ya sabini na mpaka leo korosho nyingi inaondoka ghafi? Vile viwanda vilijengwa kweli, vingi vikaishia kuwa maghala. Sababu zipo nyingi, uzalishaji wenyewe ulianguka, msimu wa 1973/74 nchi ilipata tani kama 145,000, katikati ya miaka ya themanini ilikuwa imeshuka chini ya tani 20,000, kiwanda kitabangua nini? Lakini hata leo ambapo korosho ipo, kuna shida ya muda ambayo wanasiasa hawaipendi kwa sababu haina shangwe. Korosho yetu inauzwa ndani ya miezi mitatu minne. Kiwanda kinachotaka kufanya kazi mwaka mzima lazima kinunue mali ya mwaka mzima Oktoba mpaka Januari, kash, mnadani, halafu kiiweke ghalani kikiilipia riba huku kikibangua taratibu. Mwenye kiwanda wa Vietnam yeye ananunua Afrika Magharibi kuanzia Februari mpaka Juni hivi, zikimuishia anakuja kwetu Oktoba msimu wetu ukianza. Pesa yake inazunguka mara mbili, ya mbanguaji wa Mtwara inalala ghalani. Kwahiyo mkisikia kongamano la kuongeza thamani, ulizeni mtaji wa kununulia mali ghafi unatoka wapi na kwa riba gani, mashine ni rahisi kuliko hiyo.

Wazungu nao walipigwa na hilo hilo huku. Waingereza 1947 walianza mpango wa karanga, Kongwa, Urambo na Nachingwea hapo Lindi, walitaka kufyeka ekari zaidi ya milioni tatu, bandari ya maji marefu ya hapa Mtwara na reli ya kwenda Nachingwea vyote vilianza kwa ajili ya hizo karanga. Hawakujaribu kwanza shamba dogo misimu miwili wakaona mvua na udongo, wakaleta matrekta. 1951 wakaacha, hasara kama pauni milioni 36 za wakati ule. Reli iling'olewa. Bandari ndo ikabaki na leo inatusafirishia korosho, siyo haba, ila hakuna aliyepanga hivo.

Wahenga wetu wa pwani walikuwa na akili zaidi nawaambia. Mfanyabiashara wa Mikindani au Kilwa alijua jahazi linaingia na kaskazi na linaondoka na kusi, mali aliyoikopesha leo malipo yake yako upande wa pili wa bahari mpaka upepo ugeuke. Alipanga deni kwa pepo. Sisi tuna Oktoba, haijifichi, na bado kila mwaka Agosti inatukuta kama ajali.

Halafu kuna barabara. Mwezi wa tano 2024 mvua na kile kimbunga Hidaya vilikata barabara ya Lindi kwenda Dar kule Somanga, siku kadhaa hakuna gari, wengine wakazunguka Songea. Mwenye duka aliyekuwa anaagiza mzigo wa siku tatu tatu akakauka, aliyekuwa na stoku ya wiki mbili akauza. Hapo msije mkasema basi tujaze stoku, stoku nyingi nayo ni pesa iliyolala na sukari inayoyeyuka. Utajaza Machi mpaka Mei kwakuwa unajua mvua, miezi mingine unapunguza.

Sasa yule mwenye fuso mbili ambaye hakumaliza la saba. Anajua haya yote, msidanganyike. Nenda kamuulize nani anamdai, nani anadaiwa, lini analipwa, atakujibu bila kufungua daftari. Shida yake ni moja, viko kichwani. Akiugua wiki mbili mkewe hajui pa kuanzia, akifungua duka la tatu kichwa hakitoshi, akienda benki anaambiwa leta kumbukumbu hana. Hata TRA, kwa viwango vilivyowekwa 2019, mfanyabiashara mdogo mwenye mauzo kati ya milioni 4 na milioni 7 kwa mwaka asiyetunza kumbukumbu analipa 100,000, anayetunza analipa asilimia 3 ya kinachozidi milioni 4. Mauzo milioni 6, kinachozidi ni milioni 2, kodi 60,000. Elfu arobaini kwa daftari la elfu mbili! Mauzo yasiyofika milioni 4 hakuna hiyo kodi, ila utathibitishaje hayakufika kama hujaandika?

Baada ya hapo kukawa na maswali. Dada mmoja nyuma kauliza kuhusu mikopo ya halmashauri ile ya asilimia 10, wanawake 4, vijana 4, wenye ulemavu 2, haina riba, je achukue? Nikamjibu chukua mdogo wangu, ila kaa na wenzio kwenye kikundi mwangalie tarehe ya rejesho la kwanza kabla hamjaangalia kiasi. Kikundi cha ufuta kikianza kurejesha mwezi wa tatu wakati ufuta unauzwa mwezi wa sita, mtakwenda kukopa kausha damu, ile mikopo ya riba kubwa, mlipe mkopo usio na riba, na hilo limetokea vikundi vingi. Ombeni tarehe ifuate zao lenu, wakikataa fugeni kuku wa mayai pembeni wawe wanawalipia rejesho. Kijana mwingine kauliza kama akiwa na bodaboda ya mkataba hilo somo linamhusu, nikamwambia wewe ndo wa kwanza, unapeleka hesabu kila siku Agosti na Novemba sawasawa wakati abiria si sawasawa.

Kazi ya kwanza hii hapa, mzazi unaweza kumsaidia mtoto. Kila mtu atafute biashara moja ndogo, ya nyumbani au ya jirani, muuza samaki feri, mama lishe, duka, saluni, chochote. Aombe ruhusa kwa adabu, asiandike jina la mtu, achore mistari kumi na mbili, mmoja kwa kila mwezi, upande mmoja pesa inayoingia na mwingine inayotoka. Makadirio yanaruhusiwa, kunakili kwa mwenzio hairuhusiwi, nitajua maana duka la Newala na la Kilwa haliwezi kuwa na miezi inayofanana. Jumanne saa mbili, ukumbi wa pili, kalkuleta ya simu inatosha lakini mtandao uzimwe.